Ng'ombe Kwanza, Hoki Baadaye

Kuna mzee tunafanya naye zamu ya usiku ghalani, Mmarekani mweupe, mzaliwa wa hapahapa Kansas City, mrefu kama mnazi na goti moja bovu. Mimi humwita Mzee. Sijawahi kumweleza maana yake, kwa hiyo amelichukua kuwa jina la utani, na siku hizi ghala zima linamwita hivyo, hata bosi. Majira ya baridi yaliyopita, usiku ambao hita ya upande wetu iligoma, alikuja amevaa juu ya sweta jezi kubwa ya bluu yenye mistari myekundu na ya manjano. Kifuani palikuwa na mtu aliyepanda farasi.

"Timu gani hiyo, Mzee?"

Chiefs nawajua, Royals nawajua; ukikaa mji huu mwaka mmoja tu utazijua rangi zao utake usitake. Hii sikuijua.

"Scouts," akasema. "Timu yangu. Ilikufa nina miaka kumi."

Aliyasema hayo huku anafunga masanduku, bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuambia babu yake alikuwa seremala. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani asubuhi nikakosa usingizi. Timu ya ligi kuu ya hoki ya barafuni, katika mji wenye watu zaidi ya milioni ukihesabu na vitongoji vyake, imeishi misimu miwili tu? Kwetu hata timu ya mtaa iliyoanzishwa kwa jezi za kuazima hudumu zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nachimba habari za marehemu huyu kila nikipata nafasi, na Mzee amekuwa akinisahihisha wakati wa chai.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa barafu. Nimezaliwa Kisauni. Barafu niliyoijua utotoni ni ile ya kuuzwa kwenye kijimfuko, ya ukwaju au ya ubuyu, unaing'ata pembeni na kufyonza mpaka meno yanauma. Uwanja mzima wa barafu niliuona kwa mara ya kwanza Nairobi, hotelini Panari, kule Barabara ya Mombasa. Nilikodi viatu vya makali (msiniambie vinaitwa sketi, sketi ni vazi la dada zangu), nikaukumbatia ukuta saa nzima kama mtoto anayejifunza kusimama, na bado nikaanguka mara ambazo sikuzihesabu. Vijana wa Nairobi wananipita kama upepo, wanacheka. Uwanja ule ndio uliowalea Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, ambao mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza bega kwa bega na nyota wa hoki, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo haya hayatuhusu kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama, mchezo wenyewe ni huu: wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo. Badala ya mpira kuna kisahani kizito cha raba, wanakiita paki, kikipigwa vizuri kinakimbia kuliko basi la usiku. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Ukicheza rafu hupewi kadi. Unafungiwa kibandani pembeni ya uwanja dakika mbili au tano, wenzako wanahangaika pungufu. Na wakishikana ngumi, refa husubiri mpaka mmoja aanguke ndipo aingilie. Hilo la mwisho Mzee amenieleza mara tatu na bado sijalielewa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mpaka msimu wa 1966-67, NHL, ligi kubwa ya hoki Amerika ya Kaskazini, ilikuwa na timu 6 tu. Mwaka uliofuata zikawa 12 kwa mpigo. Mwaka 1970 zikawa 14, mwaka 1972 zikawa 16. Mwaka huohuo wa 1972 ikazuka ligi pinzani, WHA, iliyokuja na magunia ya pesa: Bobby Hull, mfungaji hatari wa Chicago, akachukuliwa kwenda Winnipeg, na mkongwe Gordie Howe, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akarudi uwanjani Houston kucheza pamoja na wanawe wawili. NHL haikukubali kuachwa. Mwaka 1974 ikaongeza timu mbili nyingine, Washington na Kansas City, ikafikisha 18. WHA nayo ilikuwa na 14. Jumla 32, mahali ambapo miaka minane nyuma palikuwa na 6.

Na wachezaji wote hao wanatoka wapi? Siku hizo karibu wote walikuwa Wakanada. Kanada haikuwa imezaa watoto mara tano zaidi. Ilikuwa ni sufuria ileile ya uji, wageni wanazidi kuingia, na mwenye nyumba anazidi kutia maji. Kansas City ilifika mezani wakati uji unaonekana mpaka chini ya sufuria.

Kiingilio kilikuwa dola milioni 6. Waliokilipa ni kundi la wawekezaji 37. Nilipoisoma namba hiyo nilidhani ni kosa la uchapaji. Watu 37 kumiliki timu moja! Kwetu huo ni mchango wa harusi. Na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kinachotokea pesa zikipungua wiki ya mwisho: kila mmoja anamtazama mwenzake, na simu ghafla hazipatikani.

Jina la kwanza walilolitaka ni Mohawks. Lilikuwa jina la werevu, kwa sababu Missouri hufupishwa MO, na watu wa Kansas wana jina lao la utani, Jayhawks. Ukiunganisha, pande mbili za mto zinapata haki zao. (Mji huu umekaa mpakani mwa majimbo mawili na una wivu wa wake wenza, ukimwambia mtu wa Missouri kwamba anaishi Kansas, jiandae.) Lakini Chicago tayari walikuwa wanaitwa Black Hawks, wakalalamika kwamba majina yanagongana. Ndipo wenye timu wakainua macho wakaiona sanamu.

Sanamu hiyo nimekwenda kuitazama mwenyewe. Ipo Penn Valley Park, juu ya kilima: mpelelezi wa kabila la Wasioux akiwa juu ya farasi, bila tandiko kubwa wala madoido, anatazama mji. Mchongaji ni Cyrus Dallin. Ilionyeshwa San Francisco kwenye maonyesho makubwa ya 1915, ikapita Kansas City ikirudishwa mashariki, watu wa hapa wakaipenda wakakataa iondoke. Wakachanga. Nyingi zilikuwa sarafu ndogondogo za watoto. Mwaka 1922 ikazinduliwa rasmi, na mpaka leo ipo palepale, kinyesi cha njiwa begani na magorofa mbele yake. Nilisimama chini yake nikafikiri: iliyonunuliwa kwa sarafu za watoto ipo, iliyonunuliwa na matajiri 37 haipo.

Basi timu ikaitwa Scouts, wapelelezi. Kocha akawekwa Bep Guidolin, mtu ambaye mwaka 1942, wakati vijana wengi wako vitani, aliingia NHL akiwa na Boston akiwa na miaka 16 tu. Hakuna aliyewahi kucheza ligi hiyo akiwa mdogo kuliko yeye. Meneja alikuwa Sid Abel, nyota wa zamani wa Detroit. Nahodha Simon Nolet, ambaye miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa Philadelphia akinyanyua Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL. Hebu fikiri safari ya mtu huyo: Mei uko juu ya gari la mabingwa, Oktoba uko Kansas City unajifunza majina ya wenzako.

Golini walimweka Michel Plasse, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kisa hiki kimenifurahisha kuliko vyote. Mwaka 1971, Plasse alikuwa akichezea timu ya ligi ya chini iliyoitwa Kansas City Blues. Mechi inakaribia kwisha, wapinzani wamemtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji, goli liko tupu. Plasse akaipiga paki kutoka golini kwake, ikateleza uwanja mzima, ikaingia. Hakuna kipa wa kulipwa aliyekuwa amewahi kufunga kabla yake. Kwa hiyo mji huu, unaosemwa haukuwa na historia yoyote ya hoki, ulikuwa na jambo ambalo Montreal na Toronto hawakuwa nalo. Miaka mitatu baadaye akarudishwa mji uleule, safari hii kuzuia mabao na wala si kuyafunga. Haikumwendea vizuri. Kabla msimu wa kwanza haujafika mwisho alipelekwa Pittsburgh, akaja Denis Herron, ambaye Mzee humtaja kwa sauti ya chini kama anayemtaja shahidi wa vita.

Uwanja walijengewa mpya. Kemper Arena, kazi ya mbunifu kijana Helmut Jahn, paa lake limening'inizwa kwenye vyuma vikubwa vilivyo nje, ndani hamna hata nguzo moja ya kumziba mtu macho. Ulijengwa bondeni West Bottoms, kwenye ardhi ya mnada wa ng'ombe. Kansas City kwa miongo mingi ilikuwa mji wa nyama: ng'ombe wanashuka kwenye treni huku, nyama inapakiwa kule. Na kila vuli kuna maonyesho makubwa ya mifugo, American Royal, ya tangu 1899, yenye farasi, mafahali na watu wa kofia pana. Uwanja ulijengwa kwa ajili ya maonyesho hayo kama ulivyojengwa kwa ajili ya michezo.

Unaona tunakokwenda. Oktoba 1974 ligi inaanza, na uwanja una ng'ombe.

Scouts wakaanza maisha yao ugenini. Tarehe 9 Oktoba wakafungwa Toronto 6-2, kisha wakaendelea kuzunguka mwezi mzima, hoteli hadi hoteli, bila ushindi hata mmoja, wakisubiri mifugo itoke. Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa tarehe 2 Novemba, dhidi ya Chicago walewale waliowakatalia jina. Wakafungwa 4-3. Kesho yake wakasafiri Washington, kwa wachanga wenzao, wakashinda 5-4. Ushindi wa kwanza, na mashabiki wao wako nyumbani wanasikiliza redio.

Mzee alikuwepo ile tarehe 2. Alikuwa na miaka minane. Baba yake alikuwa kibarua hapohapo mnadani, kazi yake kuwaswaga ng'ombe kutoka mazizini kwenda mizanini, na tiketi mbili alizipata kwa mtu wa kazini. Nilimwuliza anakumbuka nini cha mchezo. Akafikiri sana. Hakukumbuka bao hata moja. Alikumbuka kwamba nje palinuka mavi ya ng'ombe na ndani palinuka rangi mpya na baridi. "Baridi ina harufu?" nikamwuliza. Akasema ya uwanjani inayo, kama sarafu ukiiweka mdomoni. Na alikumbuka baba yake kabla ya kuingia akisimama mlangoni kusugua soli za viatu kwenye ukingo wa saruji, muda mrefu, huku watu wanawapita, kwa sababu hakutaka kuingia ndani ya kitu kipya namna ile na viatu vya kazini.

Msimu huo wa kwanza ulikwisha kwa kushinda 15, kupoteza 54, sare 11. Vibaya, lakini Washington walikuwa wameshinda 8 tu, kwa hiyo kulikuwa na wa kuchekwa. Kijana Wilf Paiement, aliyechaguliwa wa pili timu za ligi zilipogawana vijana wapya mwaka huo, alifunga mabao 26, sawa na nahodha Nolet. Mpenzi wa timu changa anaishi kwa vitu kama hivyo. Ni kama wewe unavyosema timu yako imeshuka daraja lakini yule winga mdogo ana mguu.

Msimu wa pili ndio unaoniuma, nami sikuwepo.

Mpaka mwisho wa Desemba 1975 Scouts walikuwa wameshinda 11, wamepoteza 21, sare 4. Si hesabu za bingwa. Ila katika kundi lao timu tatu ndizo zilizoingia kwenye mtoano, na Scouts walikuwa wanapumuliana na St. Louis kwa hiyo nafasi ya tatu, tofauti ni pointi moja. St. Louis ni watani wa jadi, wako upande wa pili wa jimbo hilohilo. Guy Charron, waliyempata kutoka Detroit, alikuwa anafunga na kutengeneza. (Masikini Charron: alikuja kucheza mechi 734 za NHL maisha yake yote na hakuwahi kuingia mtoano hata siku moja. Mtu akikuambia ana mkosi, mtajie Charron.) Herron alikuwa anazuia visivyozuilika. Kwa wiki chache pale Krismasi, Kansas City ilikuwa mji wa hoki.

Halafu sijui niseme nini kilitokea. Mechi zilibaki 44. Walishinda 1.

Moja. Walicheza 16 bila kushinda, Februari wakawafunga Washington, kisha wakacheza 27 nyingine bila kushinda mpaka pazia likafungwa. Kushindwa 35, sare 8, ushindi 1. Guidolin aliondoka Januari. Abel akashika mwenyewe mechi tatu. Akaja Eddie Bush, akasimamia 32, akashinda ileile moja. Katikati ya msimu wakamleta Steve Durbano kutoka Pittsburgh, beki wa shari, ambaye mwaka huo aliongoza ligi nzima kwa kufungiwa: dakika 370 kwenye timu zake mbili. Mechi moja ni dakika 60. Huyu bwana alikaa kibandani kwa muda wa mechi sita nzima na chenji ikabaki.

Kocha hawezi kuwa ndiye aliyesababisha 1 kati ya 44, wala uvivu. Hiyo ni njaa. Nyuma ya pazia wawekezaji 37 walikuwa wameanza kutazamana. Mji wa nyama na nafaka ulikuwa kwenye hali mbaya ya uchumi miaka hiyo, wafugaji wanalia bei, na tiketi ya hoki ni kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ya nyumba. Ndani ya uwanja wa watu 16,000 na zaidi walikuwa wanaingia wastani wa 8,000 na kidogo, kukiwa na wanaoapa kwamba hata hao walihesabiwa pamoja na wauza bisi. Deni likakaribia dola 900,000. Wachezaji wanasoma magazeti, wanajua. Na mtu anayecheza huku akijua duka linafungwa, macho yake yanakuwa kwenye mlango.

Mzee ana maoni tofauti. Yeye anasema walikosa tu bahati, na kwamba paki inayogonga mwamba ikaingia na paki inayogonga mwamba ikatoka hazina tofauti ila unene wa karatasi. Nimemwachia. Ni timu yake.

Ajabu ya mambo, msimu ulipokwisha hawakwenda nyumbani kulala. Aprili 1976 Scouts na Washington, timu mbili zilizoshika mkia wa ligi, walipelekwa Japani kucheza mechi nne za kirafiki, Sapporo na Tokyo. Ligi ilitaka kuitangaza hoki Asia, na mabingwa walikuwa bado wana shughuli kwenye mtoano, kwa hiyo wakatumwa waliokuwa na nafasi. Nawafikiria wale vijana kwenye ndege, wamecheza mechi 27 bila kushinda, wanakwenda kuwaonyesha Wajapani namna mchezo unavyochezwa.

Kiangazi hicho wenye timu wakajaribu mara ya mwisho: wakaomba mji ununue tiketi 8,000 za msimu mzima. Zikanunuliwa kama 2,000. Wakauza. Mnunuzi akaitwa Jack Vickers, wa Denver, akaichukua timu na mikataba yake, akaibadilisha jina ikawa Colorado Rockies. Kiangazi hichohicho timu ya California nayo ikahamishiwa Cleveland. NHL haikuwa imehamisha timu tangu 1934. Mwaka huo ikahamisha mbili, kama mtu aliyegundua kwamba viti vya sebuleni vinasogea.

Hapa ndipo mimi mtu wa Kisauni ninapokwama. Neno "kuhamisha timu" halinikai kichwani. Kwetu timu inafilisika, inashuka daraja, inakosa nauli ya kwenda ugenini, viongozi wanapigana mpaka mahakamani. Inapasuka: ugomvi wa Yanga miaka hiyohiyo ya sabini ulizaa Pan African, na Dar es Salaam ikapata timu ya tatu ya kuigombania. Inalala miaka kumi ikaamka. Lakini hakuna tajiri, awe na pesa kiasi gani, atakayeamka asubuhi akasema Yanga sasa ni ya Dodoma, na inaitwa jina lingine, na nyinyi wa Jangwani tafuteni kazi ya kufanya. Angeshambuliwa kwa mawe. Nilimweleza Mzee hivyo, akacheka sana. Akaniuliza, kwani ni ya nani? Nikasema, ya wanachama. Akauliza, wanachama ndio wanaolipa mishahara? Nikanyamaza, maana kusema kweli siku hizi jibu la hilo ni refu.

Hapa leseni ya kucheza ligi ni mali, kama leseni ya teksi. Unaibeba. Denver waliibeba misimu 6 na hawakufua dafu. Mwaka 1982 ikauzwa tena, ikaenda New Jersey, ikaitwa Devils. Hata huko walianza kwa aibu: Novemba 1983 Edmonton waliwafunga 13-4, na Wayne Gretzky, mtu mpole kwa kawaida, akatamka hadharani kwamba ile ni timu ya katuni za Mickey Mouse. Mashabiki wa New Jersey, kwa kiburi ninachokipenda, Edmonton waliporudi wakaja uwanjani wamevaa masikio ya panya.

Miaka 12 baadaye wale panya wakachukua Kombe la Stanley. Juni 1995, wakaifagia Detroit mechi nne kwa sufuri. Wakalichukua tena 2000 na 2003. Na ile 1995, huku fainali inaendelea, magazeti yalikuwa yamejaa habari kwamba timu itahamishiwa Nashville. Safari hiyo walikaa.

Kwenye karatasi, basi, hiyo ni timu ileile. Ukifuata leseni kutoka mkono hadi mkono unafika West Bottoms, kwenye ng'ombe. Makombe matatu. Na hapa Kansas City hakuna hata kibao.

Kemper Arena nayo ilikuwa na mambo yake. Usiku wa tarehe 4 Juni 1979 mvua kubwa na upepo viliporomosha sehemu ya paa lile lililosifiwa; kwa rehema hakukuwa na onyesho, hakufa mtu. Ikatengenezwa. Waliokua wakitazama mieleka ya kanda za video kule nyumbani watakumbuka Owen Hart aliyeanguka kutoka juu mwaka 1999 akafa. Ni ukumbi huohuo. Siku hizi umekatwa kwa ghorofa ndani, umekuwa viwanja vya mazoezi, watoto wanacheza basketi mahali Herron alipokuwa anapigwa mapaki. Mji ulijenga ukumbi mwingine katikati, ukafunguliwa 2007, wakawatongoza Pittsburgh Penguins waje wakae bure bila kodi. Penguins wakaja, wakatazama, wakasifu, wakarudi kwao wakajengewa uwanja mpya na watu wao walioingiwa hofu. Kutumiwa namna hiyo Kiswahili kina neno lake, nalihifadhi.

Nilimwuliza Mzee kama alifurahi ile 1995. Tulikuwa tumekaa kwenye paleti za mbao karibu na mlango wa kupakilia, yeye na chupa yake ya kahawa, mimi na chai yangu ya tangawizi.

Akasema hakuwa anatazama hata. Alikuwa na mtoto mchanga, amelala kwenye kochi. Simu ikalia usiku, akaruka akidhani ni msiba. Alikuwa baba yake, wakati huo mstaafu. Mnada wenyewe ulikuwa umefungwa miaka minne kabla ya hapo. Baba hakusalimu.

"Tumelichukua," akasema.

"Nini?"

"Kombe. Scouts wamelichukua."

Akakata simu. Mzee anasema alikaa na mkono wa simu mkononi, mtoto analia, akachukua muda kuelewa ni Scouts gani wanaozungumziwa.

Kengele ya zamu ikalia. Akaivua ile jezi, aliyokuja nayo tena usiku huo, akaikunja vizuri mikono ndani, yule mpanda farasi juu, akaiweka juu ya kabati lake.